Moyo Kwenda Mbio Wakati wa Hatari

Leo tutaanza na mwindaji porini, kisha tufike nyumbani kwako.

Huko Marekani watu wengi huwinda kulungu. Mwindaji hukaa kimya kwa saa nyingi. Ghafla kulungu anatokea. Papo hapo moyo unamdunda, mikono inatetemeka, kinywa kinakauka. Shabaha anaijua vizuri, lakini anakosa, au anasahau hata kufyatua bunduki. Mwaka 2007, watafiti wa jimbo la Michigan walichapisha matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya wawindaji kama hao. Kwa baadhi yao, moyo ulikwenda mbio kuliko walipopimwa kwenye mashine ya mazoezi.

Je, ni nini hutokea? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo unapoona jambo kubwa linakuja, tezi hizo hutoa kemikali iitwayo adrenalini na kuiingiza katika damu. Moyo hupiga haraka. Njia za hewa hupanuka. Ini hutoa sukari ili mwili upate nguvu. Damu nyingi huenda kwenye misuli mikubwa. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Lakini mwili ulio tayari kukimbia haufai kwa kazi ndogo ya vidole. Ndiyo sababu mikono hutetemeka.

Sasa mama, fikiria usiku mtoto wako ana homa, mara anapata degedege. Moyo wako unakwenda mbio, unashindwa hata kufungua mlango. Wewe si mwoga, na hujarogwa. Ni adrenalini ile ile ya mwindaji.

Mwindaji mzoefu naye hutetemeka. Tofauti ni kwamba amefanya mazoezi, kwa hiyo mikono yake inajua la kufanya. Nawe jifunze hatua hizi kabla ya hatari kuja:

1. Vuta pumzi polepole kupitia puani, kisha itoe polepole zaidi. Rudia mara mbili au tatu huku ukimwendea mtoto.

2. Mlaze mtoto kwa ubavu mahali salama. Ondoa vitu vigumu karibu naye na ulegeze nguo shingoni.

3. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji, dawa wala chakula wakati huo. Usimpake wala kumnywesha mafuta ya taa. Usimshike kwa nguvu ili kuzuia mtukutiko.

4. Ita msaada, na umpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama degedege imekoma. Huenda ana malaria au ugonjwa mwingine mkali.

Tayarisha mapema nauli kidogo, kadi ya kliniki ya mtoto, na namba ya simu ya jirani mwenye gari au pikipiki. Waonyeshe hatua hizi baba, nyanya na msichana anayekusaidia kazi, kwani huenda siku hiyo wewe hutakuwa nyumbani.

Hatari ikipita, unaweza kuendelea kutetemeka, kuchoka au kulia. Hiyo ni kawaida. Keti, kunywa maji, zungumza na mtu unayemwamini. Lakini moyo ukienda mbio mara kwa mara bila sababu, au hofu ikikunyima usingizi siku nyingi, muone mhudumu wa afya. Ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia, nenda hospitali bila kuchelewa.

Kumbuka mama: kutetemeka hakukuzuii kumsaidia mtoto wako, mradi unajua hatua ya kwanza. Leo jioni mfanyie mtoto zoezi la kumlaza kwa ubavu akiwa mzima, tena mkicheza.