SAA 24 ZA MSHUKIWA

Mwanafunzi akisikia neno "katiba" huwaza kitabu kinene cha kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani wa Historia, kisha kikasahauliwa kesho yake. Si ajabu, maana tunafundishwa orodha: haki ya kuishi, uhuru wa kuabudu, uhuru wa kusema, na kadhalika na kadhalika. Mimi nimeamua kuchukua haki moja tu, tena ndogo, ambayo wengi huipita mbio. Nayo ni haki ya mtu aliyekamatwa na polisi kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha.

Wenzangu watauliza, hiyo yatuhusu nini sisi tusioiba? Ndugu msomaji, kukamatwa si lazima uwe mwizi. Waweza kuwa umesimama stegini ukingoja matatu, msako ukapita, ukasombwa pamoja na wengine. Bweni likiteketea, huenda kikundi kizima kikachukuliwa, aliyewasha kiberiti na aliyekuwa amelala fofofo. Ukiwa ndani ya landrova ukauliza umekosa nini, jibu ni, "Utajielezea huko mbele!" Sasa hebu tuulize: hiyo mbele iko wapi, na utafika lini?

Katiba ambayo Wakenya waliipigia kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, ikazinduliwa katika bustani ya Uhuru tarehe 27 mwezi huo huo, inajibu katika Kifungu cha 49. Askari lazima akwambie upesi, kwa lugha unayoielewa, kwa nini anakukamata. (Maneno hayo "kwa lugha unayoielewa" sisi wa chama cha Kiswahili tuyapigie mstari.) Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili, na pia mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Hulazimishwi kukiri chochote kitakachotumiwa kukushtaki. Kisha inakuja saa yenyewe: ufikishwe mbele ya mahakama haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24 tangu ulipokamatwa.

Hapo pana mlango wa nyuma ambao ni vizuri kuujua. Saa 24 zikiisha wakati mahakama imefungwa, polisi wana ruhusa ya kungoja hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Kwa hivyo aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala korokoroni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, akamwona hakimu Jumatatu, na sheria isiwe imevunjwa. Wakenya wameshaipa hila hiyo jina: kamatakamata ya Ijumaa. Kwa maoni yangu huo ni mwanya mbaya, ila haimaanishi kwamba mshukiwa hana la kufanya hadi Jumatatu. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana kabla hata ya kushtakiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia. Bondi ya polisi hailipiwi hata senti moja. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, mlipaji apewe risiti, maana ni amana, wala si zawadi ya mkuu wa kituo.

Lakini kwa nini saa, jamani? Kwa nini katiba, kitabu cha mambo makubwa ya nchi, ihesabu saa kama kengele ya shule? Sababu ni kwamba muda ambao mtu yuko mikononi mwa aliyemkamata, bila mwingine kujua, ndio muda anaopigwa, anaotishwa na anaotiwa maneno kinywani. Hakimu si rafiki yako, naam, lakini si yeye aliyekukamata. Akikuona umevimba uso anaweza kuuliza, na likishaandikwa kwenye faili ya mahakama haliwezi kufutwa kimyakimya.

Historia yetu inashuhudia. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya karatasi aliyoiita "Kenya: Twendapi?" Sheria iliyomfunga ilikuwa kali, lakini yeye angalau alisimama kizimbani, akasomewa mashtaka. Ngũgĩ wa Thiong'o hakupata hata hilo. Alichukuliwa nyumbani usiku, mwishoni mwa Desemba 1977, akawekwa gereza la Kamiti hadi Desemba 1978 bila kushtakiwa kosa lolote. Huko ndiko alikoandikia riwaya kwenye karatasi za chooni. Katika miaka ya 1980 zikaja seli za chini ya jumba la Nyayo, Nairobi. Watu waliteswa humo siku nyingi, kisha wengine wakapelekwa mahakamani jioni, saa za kazi zimekwisha, wakakiri haraka haraka na kufungwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa hivyo walipwe fidia.

Sasa msikilize hili, kwani mimi lilinishangaza. Katiba ya zamani nayo ilikuwa na saa 24! Zilikuwamo tangu uhuru. Mwaka 1988 Bunge liliirekebisha, likawaruhusu polisi kumweka mtu hadi siku 14 kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Hata siku hizo 14 hazikuheshimiwa. Mtu mmoja aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu alikuwa amewekwa miezi minane kabla ya kuonwa na hakimu. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia. Majaji walisema serikali ikivunja haki ya mshukiwa bila kutoa maelezo, ataachiliwa hata ushahidi uwe na nguvu namna gani.

Je, hiyo ni haki? Fikiria wewe ndiye uliyeibiwa kwa bunduki, halafu jambazi anatoka anacheka kwa sababu askari walichelewa. Mahakama hiyo hiyo mwaka 2010 ilibadili msimamo, ikasema dawa ya kucheleweshwa ni kumlipa mtu fidia, wala si kuifuta kesi. Mimi naona uamuzi wa pili una busara zaidi kwa aliyeibiwa, ila unampunguzia askari hofu, maana fidia haitoki mfukoni mwake. Walimu wetu wa mijadala wana mada hapo.

Na polisi wakikana kwamba wana mtu wenu? Hapo kuna amri ambayo mawakili huiita kwa Kilatini habeas corpus. Jaji humwamuru anayeshukiwa kumshikilia mtu amlete mbele yake, ama aeleze alipo. Kifungu cha 25 kinataja haki nne zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, na amri hii ni mojawapo, pamoja na kutoteswa, kutofanywa mtumwa na kusikilizwa kesi kwa haki. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, watu kadhaa walitoweka. Wanaume watatu walichukuliwa Kitengela mwezi Agosti, na Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aliitwa mara kadhaa, hakufika. Tarehe 13 Septemba jaji alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Juma moja baadaye wale watatu walikuwa wameachiliwa, naye mkubwa huyo akafika kortini, akaomba radhi na adhabu ikaondolewa. Wengine watasema aliponyoka. Mimi natazama kwamba waliotoweka walirudi hai.

Wala usidhani kortini ni kwa matajiri tu. Kifungu cha 22 kinasema mtu aweza kushtaki kwa niaba ya mwingine ambaye hawezi kujisemea, kwamba hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za katiba, na kwamba ikibidi mahakama itapokea hata maombi yasiyoandikwa kwa mtindo wa kiwakili.

Sisi wa sekondari tuna nyongeza yetu. Kwa katiba, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Kifungu cha 53 kinasema mtoto asifungiwe ila njia nyingine zote zikishindikana. Akifungiwa, iwe kwa muda mfupi kabisa na mbali na watu wazima. Lakini ulinzi huo unategemea tarakimu moja tu inayoandikwa pale kaunta, katika kile kitabu cha matukio kinachoitwa OB. Ukiandikwa miaka 18 ilhali una 16, utaingizwa seli ya wakubwa. Kwa hivyo taja umri wako wazi mbele ya wote walio hapo, taja na jina la shule, na mzazi anapokuja kukutafuta abebe cheti chako cha kuzaliwa.