KIFARANSA KWA VYOMBO VYA KISASA KATIKA SKULI ZA PEMBA

Kifaransa si lugha ya mbali kwa Mpemba. Kusini yetu vipo Visiwa vya Komoro, ambako lugha hiyo ni rasmi pamoja na Kikomoro na Kiarabu. Aidha, mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya hiyo pamoja na Kiingereza. Mtumishi anayetumwa Bujumbura au Kinshasa atahitajia zaidi ya salamu.

Tatizo la somo hili kisiwani ni sauti. Mwanafunzi wa Wete au Micheweni aweza kusoma kitabu chote asimsikie mwenye lugha akizungumza. Nacho Kifaransa hakisomeki kama kilivyoandikwa. Maneno bain (kuoga), banc (benchi) na bon (-zuri) hutenganishwa na irabu ya puani peke yake, na n iliyoandikwa haitamkwi. Hapana awezaye kuyakisia kwa macho. Kwa upande wa r, watu wa mwambao wana bahati: hukaribiana na gh ya lugha na ghali, ambayo mtoto aliyepitia chuoni huitoa bila ya taabu.

Hapo ndipo simu na kompyuta zinapofaa. TV5MONDE na RFI huweka katika intaneti, bila ya malipo, masomo ya sauti pamoja na maandishi yake. RFI, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 2010, hutoa pia taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi.

Mwaka huo huo wa 2010 Pemba ilipata umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya majenereta. Hata hivyo intaneti hununuliwa, na si kila mzazi amudu. Yafaa basi mwalimu apakue somo mara moja, alihifadhi katika simu, kisha alisikilizishe darasa zima kwa spika pasipo mtandao. Dakika tatu zikirejewa mara tano zina faida kuliko saa nzima iliyopita sikioni.

Njia yenyewe si ngeni. Chuoni mwalimu hutangulia, wanafunzi hufuatisha, na anayekosea hurejeshwa. Simu yaweza kutangulia. Kumsikia mtoto wa nyuma aliyetamka banc badala ya bon na kumrejesha, kazi hiyo ingali ya mwalimu.

Kuhusu utamaduni, ni vyema kuanzia kwa jirani. Sauti za Moroni, Dakar na Kinshasa zitangulie zile za Paris, kwani Mkomoro akisimulia harusi ya kwao kwa Kifaransa, mtoto wa Pemba atayaelewa mambo kabla ya kuyaelewa maneno.