Bwawa lenye mkondo: samaki gani wakae pamoja?

Wandugu wanachama, kabla koperative haijatoa franka za kununua watoto wa samaki, muende kwanza kusimama pembeni ya bwawa lenu na kuangalia maji. Saa hakuna upepo, tupeni jani kavu fasi maji yanaingilia. Kama jani linasafiri lenyewe na kufika kwenye tundu la kutokea kwa dakika chache, basi hamuna bwawa, muko na kamto kenye kuta. Hiyo inabadilisha yote: aina ya samaki, hesabu yao, na chakula.

Wengi kwetu wanapenda mkondo. "Acha mayi ipite, samaki ipumue", ndivyo wanavyosema. Kwa samaki wa mto ni kweli. Lakini samaki wa mto ameumbwa kwa kazi ile. Kwenye maporomoko ya mto Kongo, chini ya Kinshasa, kuna samaki mdogo mwenye nundu kichwani, wazungu wanamwita Steatocranus. Kifuko chake cha hewa tumboni ni kidogo, kwa hiyo haelei ovyo: anakaa chini kati ya mawe na kurukaruka. Huko Ulaya kuna watu wanaomfuga ndani ya sanduku la kioo kwa kumwangalia tu, na wanamwekea pampu inayosukuma maji pamoja na mawe ya kujificha. Hawamweki na samaki wa maji yaliyotulia, juu mmoja kati ya hao wawili atateseka. Sisi tunafuga kwa kula na kuuza, ila swali ni lile lile: huyu samaki na maji haya wanapatana? Na huyu na mwenzake je?

Tilapia nilotica, ambaye wengi wetu tunamnunua, ni samaki wa maji yaliyotulia. Chakula chake cha bei ndogo ni ile rangi ya kijani ndani ya maji, yaani mimea midogo sana inayoota kwa nguvu ya samadi na kompositi. Maji yakipita usiku na mchana, kijani kinatoka nayo, na samadi mliyobeba kichwani inakwenda kunenepesha mpunga wa jirani wa chini. Tena maji ya mlima ni baridi. Nilotica anakula na kukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 20 anakula kidogo sana na kuzaa kunasimama. Miezi inapita, mnavuna samaki wa urefu wa kidole, kisha watu wanasema mbegu ilikuwa mbaya.

Kwa hiyo, kama muna uwezo, shauri langu la kwanza si samaki, ni jembe. Chimbeni mfereji wa pembeni ili mto upite nje ya bwawa, na muingize maji kwa tiyo au mwanzi yakipungua tu. Pigeni kijiti kwenye ukingo kama alama: maji yakishuka vidole vinne, fungueni, yakirudi kwenye alama, fungeni. Kisha pimeni kijani kwa mkono. Zamisha mkono polepole. Vidole vikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiko cha mkono, bwawa liko tayari. Siku moja tu msiogope mkondo: asubuhi mapema mkiwaona tilapia wote juu wanavuta hewa. Hapo fungueni maji bila kungoja, na muache samadi kwa siku kadhaa.

Bwawa likitulia, nilotica na kambale wanakaa pamoja vizuri, lakini kwa masharti. Tilapia anazaa sana, na watoto wanajaza bwawa na kula chakula cha wakubwa. Kambale anawapunguza. Shida ni kwamba kambale hana adabu: chochote kinachoingia mdomoni mwake anameza, hata tilapia mliyemnunua jana. Wekeni tilapia kwanza. Bwawa la ari 2, yaani metre 200 za mraba, linachukua tilapia 400. Mkianza kuona watoto wao pembeni, ndipo mlete kambale 40, na kila mmoja awe mdogo kuliko tilapia wa kwanza. Kambale mkubwa wa mtoni, hata akiletwa zawadi na mkubwa wa kijiji, apelekwe kwenye sufuria.

Kuna koperative ambazo haziwezi kufunga maji, kwa sababu mfereji ni wa watu wote na walio chini wanamwagilia. Hapo mimi ningechagua tilapia rendalli awe wengi. Yeye anakula majani: matembele, majani ya mihogo, majani ya mapapai, nyasi laini. Hangoji maji yawe ya kijani. Majani yawekwe ndani ya fremu ya mianzi inayoelea, mbali na mkondo, yasichukuliwe. Msitegemee mavuno sawa na ya bwawa lililotulia. Na rendalli asitoroke kuingia shamba la mpunga, atalifyeka.

Rendalli kukaa na tilapia mwingine si jambo jipya. Kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilikuwa kinafuga rendalli (zamani aliitwa melanopleura) pamoja na macrochir tangu wakati wa Wabelgiji: mmoja anakula majani, mwingine anakula vile vidogo vya majini, hawagombanii sahani moja. Lakini nilotica na macrochir msiwachanganye. Wanazaliana, na baada ya muda hamjui tena mbegu yenu ni ipi.

Kambale kwenye mkondo ni mwizi wa njia. Akisikia maji mapya yanaingia, hasa usiku wa mvua, anapanda kuyafuata, na anaweza kutambaa juu ya udongo. Tundu la kuingilia liwe juu ya maji, liangukie ndani, na matundu yote mawili yafungwe kwa wavu wa matundu madogo. Wavu huo unazuia pia samaki wa porini, hasa mungusu, ambaye akiingia mdogo atakua kwa kula wa kwenu. Kila asubuhi mtu mmoja mwenye zamu auondolee majani. Ukiziba, maji yanapita juu ya ukuta na samaki nao wanakwenda.

Siku mbegu inafika, waleteni asubuhi. Mfuko uelee kwanza dakika 15 hadi 20 ili joto lisawazike, kisha ongezeni maji ya bwawa kidogo kidogo. Waachieni kwenye kona iliyotulia, mbali na tiyo, wakiwa wanatoka wenyewe. Na maji ya kuingia yafungwe mpaka kesho yake.