Tiketi ya Ndege Inasema Saa Ngapi?

Mwaka jana mzee mmoja wa Ruangwa aliachwa na ndege. Alikuwa akimpeleka mkewe hospitali, Dar es Salaam. Kijana wao aliyeko huko aliwakatia tiketi za kutoka Mtwara, kwa fedha za ufuta walizomtumia. Tiketi ziliandikwa 07:00. Mzee akasoma: saa saba. Wakapanda basi la asubuhi, wakafika uwanjani saa sita mchana, wakakaa kusubiri. Kumbe ndege ilikwisha ondoka tangu saa moja asubuhi. Fedha za ufuta zilipotea, na siku ya kumwona daktari ikapita.

Kazi yangu ni mambo ya shamba, si ndege. Lakini fedha za mkulima zikipotea namna hii, siwezi kunyamaza.

Mzee yule anajua kusoma vizuri. Tatizo ni kwamba saa za tiketi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia jua linapochomoza. Kwa hiyo ukiona 07:00, toa sita. Inabaki moja: saa moja asubuhi. Ukiona 13:00, toa sita. Hiyo ndiyo saa saba mchana. Fanya hivyo mpaka 18:00. Ikizidi hapo, toa kumi na nane: 20:00 ni saa mbili usiku. Ikiwa 06:00 au chini yake, ongeza sita: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Sasa tupime njia. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, ndege hupita moja kwa moja, kiasi cha kilomita 400. Barabara hupinda. Hupita Lindi, kisha huvuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 550. Basi huchukua karibu siku nzima, na ndege saa moja hivi.

Lakini usidanganyike na hiyo saa moja! Kutoka Ruangwa mpaka Mtwara, kupitia Nanganga na Mnazi Mmoja, ni kiasi cha kilomita 200. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ni saa nne. Tena abiria hutakiwa kufika uwanjani mapema, na ni vizuri kuwahi kwa saa mbili. Jumla ni saa sita kabla ya ndege kuruka. Kwa ndege ya saa moja asubuhi, ungeondoka nyumbani saa saba usiku. Utapata gari gani saa hizo? Anayetoka Nachingwea na kupitia Masasi ana njia ndefu zaidi.

Mzee wetu alipata siku nyingine ya daktari, akakata tiketi upya. Safari hiyo walilala Mtwara kwa shemeji yake. Kesho yake, saa mbili asubuhi, walikuwa Dar es Salaam.