Bwawa Jipya la Samaki: Usimwage Mayi kwa Haraka!



Labda na wewe, kisha miaka mingi ya kazi Likasi ao Kolwezi, umechimba etangi ya samaki kwenu Kabongo. Mugongo unauma, lakini mayi yameingia na bwawa limejaa. Siku ya tisa unashuka asubui, unakuta mayi yamegeuka rangi ya majani. Jirani anapita njiani, anaita: «Baba, mayi yako inaoza! Fungula, tutoshe yote!»

Ngoja kwanza. Hapo ndipo wengi wanaharibu kazi yao.

Ile rangi ya kijani si uchafu. Ni mimea midogo sana, ambayo jicho haliwezi kuona mumoja mumoja. Tilapia wanaikula. Na muchana, jua likiwaka, mimea hiyo inatia ndani ya mayi hewa ambayo samaki wanapumua. Tena, ndani ya matope kuna vijidudu vinavyogeuza sumu ya uchafu wa samaki, ile amonia, ili isiwaue. Ukimwaga mayi yote kila juma, umemwaga chakula cha samaki, na kazi ya vijidudu umeirudisha nyuma.

Hata wale wanaofuga samaki wa bahari ndani ya sanduku la vioo, huko Ulaya na Marekani, wanajua jambo hili. Sanduku jipya linangojea majuma 4 mpaka 6 mbele ya kupokea samaki wengi. Kisha wanabadilisha mayi kidogo kidogo: sehemu moja juu ya kumi, ao moja juu ya tano. Sisi wa Kabongo, kati ya Lomami na Lualaba, tuko mbali na bahari, lakini njia ya kutunza mayi mapya ni ile ile.

Basi, tufanye namna gani?

Kwanza, kujaza. Tia mayi, na katika pembe moja jenga uzio mudogo wa matete. Ndani yake weka majani na mavi ya kuku ao ya mbuzi. Ngoja siku 7 mpaka 14 mbele ya kutia samaki. Bwawa la metre 10 kwa 20 linatosha kwa samaki wadogo 400, ni kusema 2 kwa kila metre carré. Usiwatupe mara moja! Weka ndobo yao juu ya mayi ya bwawa dakika 15, na uchanganye mayi polepole.

Pili, kupima. Ingiza mukono mpaka kwenye kiwiko. Kama vidole vinaanza kupotea machoni karibu na kiwiko, bwawa ni zuri. Kama unaona vidole vyote wazi, ongeza mavi. Lakini kama mukono unapotea mara tu kiganja kimeingia, mayi ni mazito mno: acha kutia mavi na chakula.

Tatu, kuongeza. Bwawa jipya linakunywa mayi sana, maana udongo haujafunga. Wakati wa kiangazi, Mai mpaka Septemba, jua nalo linachukua yake. Rudisha yale yaliyopungua tu. Usiache mufereji utiririke usiku na muchana, sababu unaosha rutuba yote na kuipeleka mutoni.

Nne, kubadilisha. Kuna alama moja ambayo haidanganyi: alfajiri, samaki wako juu wanafungua midomo. Usiku mimea haitoi hewa, bali inaitumia. Kwa hiyo hatari iko mbele ya jua kutoka. Siku hiyo usingoje. Usiwape chakula. Toa mayi ya chini, maana ndiyo mabaya zaidi, sehemu moja juu ya kumi mpaka moja juu ya ine. Ingiza mapya yaanguke kutoka juu kidogo, yapige uso wa bwawa na kuchukua hewa. Funga kitambaa cha wavu kwenye bomba, ili samaki wa pori wasiingie kula watoto wa tilapia.

Na wewe unayekaa karibu na machimbo, sikia neno hili: mayi yanayotoka penye watu wanasafisha mawe ya madini usiyalete bwawani, hata kama yanaonekana meupe kama ya chemchemi. Shaba kidogo tu na asidi vinaua samaki, na hakuna kubadilisha mayi kutakusaidia kama mufereji wenyewe ndio unaleta sumu.

Siku ya kumwaga mayi yote itafika: ni siku ya mavuno, karibu miezi 6. Hapo toa yote, uache matope yakauke mpaka yapasuke, kisha anza tena.

Katanga tulijifunza kazi hii zamani. Kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilifundisha ufugaji wa tilapia wakati wa Wabelgiji. Kisha uhuru, mabwawa mengi nchini yaliachwa, majani yakaota.

Vijana, lenu lisiachwe. Mutume Yakobo anatuonyesha mulimaji anayengojea mvua kwa uvumilivu. Mwenye bwawa naye anangojea mayi yake yawe ya kijani. Asubui moja watoto watakula bukari na samaki wa nyumbani, na jirani yule atakuja kuuliza: «Baba, ulifanya je?» Mwambie.