Fahamu: Jinsi kompyuta inavyofanya kazi usiku bila kuamriwa

Nakala rudufu za data mara nyingi hutengenezwa usiku, wahusika wakiwa wamelala. Kwenye Linux na Unix, kazi hiyo huweza kusimamiwa na cron, programu inayokagua kila dakika kama kuna kazi iliyofikia muda wake.

Ratiba huandikwa kwa mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, kisha amri yenyewe. Mfano:

0 2 * * *

Nyota maana yake ni "kila". Amri itakayofuata itatekelezwa kila siku saa 8:00 usiku.

Kuwa makini na saa. Cron huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Ukiandika 8 ukikusudia saa nane usiku, kazi itaanza saa 2:00 asubuhi, wateja wakiwa wameshaanza kuhudumiwa. Aidha, seva nyingi hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Hivyo 2 ya seva ni saa 11:00 alfajiri Nairobi au Dodoma.

Kazi ikishindikana, huenda usijue. Elekeza matokeo kwenye faili la kumbukumbu, ulisome mara kwa mara, na ujaribu kurejesha nakala zako kabla ya kupatwa na dharura.