Darubini Katika Baridi Kali

Kwa watazama nyota wa ridhaa wanaoishi Kanada, usiku ulio mzuri kuliko yote kwa shughuli yao ndio pia ulio mgumu kuliko yote kwa miili yao na kwa vifaa vyao. Mwezi wa Desemba, katika maeneo yaliyo karibu na latitudo ya 53 kaskazini, jua huzama kabla ya saa kumi na moja ya jioni na halichomozi hadi baada ya saa mbili asubuhi, hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi wa kufifisha mwanga, na anga hutawaliwa na Jabari, Kilimia na Shira, ambayo ndiyo nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Mvua ya vimondo vionekanavyo kutokea upande wa kundi la Mapacha, ambayo hufikia kilele chake usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, nayo huangukia katika msimu huo huo. Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Kanada, chenye chimbuko lake mjini Toronto mwaka 1868, kimekuwa kikitambua hifadhi za anga la giza, yaani maeneo ambamo taa za nje hudhibitiwa ili usiku ubaki na weusi wake wa asili; mojawapo ni Hifadhi ya Taifa ya Jasper, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 11,000, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2011. Mahali pa namna hiyo, kipimajoto kikisoma nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri mwezi Januari, mwenyeji hashangai.

Anayejiandaa kwenda kwenye kusanyiko la watazama nyota katika hali hiyo hudhani kwamba adui wake ni baridi yenyewe. Kwa darubini, hata hivyo, baridi iliyotulia haina madhara makubwa. Kinachoharibu taswira ni tofauti ya joto kati ya chombo na hewa inayokizunguka, na karibu kila hatua ya maandalizi inayostahili jina hilo ni njia ya kuipunguza tofauti hiyo au ya kuipa muda wa kwisha.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika darubini ya mtindo wa Newton, iliyopewa jina la Isaac Newton aliyeunda ya kwanza mwaka 1668, ambayo hukusanya mwanga kwa kioo kikuu kilichochongwa kuwa na kina kidogo katikati na kuwekwa chini ya mrija mrefu. Kioo hicho kikitolewa kwenye nyumba yenye nyuzi 20 na kupelekwa uwanjani penye nyuzi 20 chini ya sifuri, kitaendelea kutoa joto kwa muda mrefu, kwa sababu glasi nene hupoteza joto polepole. Hewa iliyogusana na kioo hupata joto, huwa nyepesi, hupanda ndani ya mrija na kuchanganyika na hewa baridi. Na kwa kuwa mwanga hupinda kidogo kila upitapo kutoka hewa ya joto moja kwenda hewa ya joto jingine, taswira ya sayari huchezacheza na kuvimba hata kama anga lenyewe limetulia tuli. Watu wengi hulaumu anga, wengine hulaumu aliyewauzia darubini, ilhali tatizo limo ndani ya mrija.

Muda wa kupoa hutegemea aina ya chombo. Darubini ndogo ya lenzi hupoa upesi. Kioo chenye kipenyo cha milimita 200 huhitaji saa moja au zaidi. Na darubini fupi za mrija uliofungwa, hasa zile za mtindo wa Maksutov zenye lenzi nene mbele, hukawia kuliko nyingine zote, kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Ndiyo maana wenye uzoefu huhifadhi vyombo vyao katika banda au gereji isiyopashwa joto, hufunga feni ndogo nyuma ya kioo ili kuondoa hewa ya moto, na hufika uwanjani jua likiwa bado halijazama. Hata hivyo, kuna usiku ambapo joto la hewa hushuka haraka kuliko kioo kinavyoweza kulifuata, na hapo hakuna la kufanya ila kutumia ukuzaji mdogo, ambao huficha kasoro nyingi.

Tofauti ya joto hugusa pia vipimo vya chombo. Metali na glasi husinyaa zinapopoa, lakini hazisinyai kwa kiasi kimoja: alumini hupungua kwa takriban sehemu 23 kwa kila sehemu milioni moja za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, chuma hupungua kwa takriban sehemu 12, na glasi inayotumiwa kutengenezea vioo vingi vya darubini kwa takriban sehemu 3 tu. Takwimu hizi huonekana za kuchekesha kwa udogo wake mpaka mtu azipigie hesabu. Mrija wa alumini wenye urefu wa mita moja, ukishuka nyuzi 30, hupungua kwa karibu milimita 0.7, na katika darubini yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,000, nafasi ambamo taswira hubaki kali haifiki hata moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo mpiga picha aliyepanga fokasi alipofika, kisha akaenda kunywa chai, atarudi na kupata nyota zilizovimba, na hana budi kuirekebisha fokasi hiyo mara kwa mara mpaka joto litulie.

Tofauti hizo za kusinyaa huleta kasoro nyingine isiyotambulika kirahisi. Kitako cha alumini kinachoshikilia kioo husinyaa zaidi ya kioo chenyewe, hivyo vishikizo vilivyokazwa barabara sebuleni hukiminya kioo kikiwa uwanjani, nacho hupindika kwa kiasi kidogo sana ambacho hata hivyo hutosha kuifanya nyota ionekane ina pembe tatu, pembe moja kwa kila kishikizo. Dawa yake ni kuacha upenyo mwembamba, kama unene wa karatasi, kati ya kishikizo na glasi, na kazi hiyo hufanywa nyumbani kwenye mwanga, kwa sababu bisibisi gizani na vidole vilivyokufa ganzi havipatani. Upangaji wa vioo, yaani kuhakikisha kwamba kioo kikuu na kioo kidogo vinatazamana sawasawa, hufuata kanuni iliyo kinyume: hufanywa uwanjani, baada ya darubini kupoa, kwa kuwa upangaji uliofanywa kwenye joto hauaminiki tena kwenye baridi.

Jalidi, ambayo ni umande ulioganda, huwashangaza wageni kwa sababu hutokea hata usiku ambao hewa ni kavu kiasi. Sababu ni kwamba kila kitu kinachotazama anga tupu hupoteza joto kwa mnururisho, yaani kwa kutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, na anga safi la usiku hurudisha miali michache mno kulipia hasara hiyo. Hivyo lenzi iliyoelekezwa juu huwa baridi kuliko hewa inayoizunguka, na inaposhuka chini ya kile kiwango cha joto ambacho mvuke hauwezi tena kubaki hewani, mvuke huo hutua juu yake na kuganda. Kinga ya kwanza haihitaji umeme: ni mrija mwepesi unaorefushwa mbele ya lenzi kwa mara moja na nusu au mbili ya kipenyo chake, ili lenzi ilione anga kupitia dirisha dogo zaidi. Kinga ya pili ni mkanda wenye waya wa kupasha joto, unaofungwa kuizunguka lenzi na kutumia wati chache tu. Na hapa mtu huhitaji kiasi, maana mkanda ukipewa nguvu nyingi hurudisha yale mawimbi ya hewa moto ambayo feni ilikuwa inapigana nayo. Lenzi iliyokwisha kupata jalidi haifutwi kwa kitambaa hata kidogo, kwani chembe za barafu na vumbi hukwaruza utando wake mwembamba. Lenzi ya jicho, ile ndogo ambayo mtazamaji huchungulia, huharibiwa zaidi na pumzi na unyevu wa jicho lenyewe, na wazoefu hujifunza kuzuia pumzi wanapoinama, au huweka lenzi zao za akiba katika mfuko wa ndani wa koti.

Katika kitako kinachoizungusha darubini ili ifuate nyota, shida huwa kwenye grisi. Grisi ya kawaida hugeuka nzito katika baridi kali, mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi kuisukuma, na mara nyingine hukwama kabisa. Isitoshe, nyumba ya gia iliyotengenezwa kwa alumini husinyaa kuliko gia za chuma zilizomo ndani yake, kwa hiyo meno yaliyobanana vizuri wakati wa kiangazi huanza kusagana. Kitako hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya safari, grisi ya zamani husafishwa na kubadilishwa na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya joto la chini, na gia hulegezwa kidogo. Asiyekuwa na ujuzi wa kufungua mitambo afadhali atumie kitako cha kusukuma kwa mkono, ambacho kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri hufanya kazi kwa uaminifu usiofikiwa na vitako vingi vya bei kubwa.

Umeme nao hupungua pale unapohitajika zaidi. Betri hutoa umeme kwa mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko hayo huzorota katika baridi. Betri ya risasi na asidi, ya aina inayotumika kwenye magari, ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa karibu nusu tu ya kile ilichoweza kutoa katika joto la chumbani. Betri za lithiamu za kuchaji huvumilia zaidi, lakini hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya sifuri, kwa sababu lithiamu hujikusanya ndani yake kama metali na kuiharibu betri moja kwa moja. Kwa tochi na vifaa vidogo, betri za lithiamu za kutupwa ndizo bora, kwani baadhi yake hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Hesabu ya busara ni kubeba uwezo mara mbili ya unaohitajika, kuweka betri kubwa ndani ya sanduku lililowekwa sponji, na kuchagua nyaya zenye ganda la silikoni, kwa sababu ganda la plastiki ya kawaida hukakamaa na kupasuka linapokunjwa. Simu isitegemewe kama ramani ya nyota. Atlasi ya karatasi na penseli ni salama zaidi, maana wino wa kalamu huganda.

Mtazama nyota husimama bila kujongea kwa saa nyingi, na mwili usiojongea hautoi joto la kutosha. Nguo huvaliwa kwa matabaka, la ndani likiwa la sufu na kamwe lisiwe la pamba, ambayo hushika jasho na kupoza ngozi. Buti huwa kubwa kiasi cha kuruhusu soksi mbili bila kubana damu. Na chini ya miguu hutandikwa mkeka mnene, kwa kuwa theluji huiba joto kupitia nyayo. Glavu nyembamba huvaliwa ndani ya nene, ili ile nene ikivuliwa kukaza skrubu ngozi isiguse metali, ambayo katika baridi hiyo hunata na kuchuna. Theluji hiyo hiyo huyeyuka kidogo chini ya miguu ya stendi iliyotoka kwenye joto, stendi ikazama na kupotosha mpangilio wote, jambo linalozuilika kwa vibao vitatu vya mbao. Taa nyekundu hafifu ndiyo pekee inayokubalika katika makusanyiko haya, kwa sababu jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza na hupoteza uwezo huo papo hapo likimulikwa kwa mwanga mweupe. Kwa sababu hiyo magari huegeshwa yakiwa yameelekea njia ya kutokea, ili anayeondoka mapema asirudi nyuma na taa zake zikawamulika wenzake.

Hatari ya mwisho hutokea wakati wa kurudi nyumbani, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Darubini iliyo baridi ikiingizwa kwenye chumba chenye joto huloa mara moja, nje na ndani, kama miwani ya mtu anayetoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kuingia katika hewa ya Mombasa. Maji hayo hupenya kwenye gia, kwenye saketi za umeme na katikati ya lenzi, ambako huotesha ukungu. Kwa hiyo vifaa hufungwa ndani ya masanduku yake vikiwa bado nje, kwenye hewa kavu, na masanduku hayafunguliwi mpaka yafikie joto la chumba, kazi ambayo huweza kuchukua hadi kesho yake mchana.

Si yote yaliyoelezwa hapa yanayomhusu mtazama nyota wa Afrika Mashariki. Kwenye uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600, jalidi hutanda juu ya nyasi katika miezi ya Juni na Julai, wakati kundi la Nge na kitovu cha Njia ya Maziwa vinapopita karibu na utosi. Huko joto hucheza karibu na sifuri tu, kwa hiyo grisi ya kawaida na betri za kawaida hutosha, na fokasi haihami sana. Ila umande huanguka kwa wingi, na anayepanda huko na darubini afadhali apunguze mizigo mingine yote kabla hajaacha nyumbani mrija wa kukinga lenzi na mkanda wake wa joto.